Jiwe Nililosema Sikuligonga

Fundi wangu hakuwa mtu wa karatasi. Gari ikiingia gereji, alichukua kipande cha chaki na kuizunguka polepole pamoja na mwenyewe. Kila mkwaruzo wa zamani, kila mahali palipobonyea, alipachorea duara jeupe na kuuliza: "Hii ulikuja nayo?" Ukisema ndiyo, anasonga mbele. Alipomaliza, gari ilikuwa na maduara mwili mzima, na wewe umeyakubali yote kwa mdomo wako. Siku ya kuichukua, kilichokuwa na duara kilikuwa chako. Kisichokuwa na duara kilikuwa chake, na alikitengeneza bila kelele. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe, na ndiyo iliyofanya watu watoke hata mtaa wa Katindo kumletea magari yao.

Chaki nilikuwa nampa mimi. Naongoza shule ya msingi hapa Mapendo, mjini Goma, na vile vipande ambavyo vidole vya walimu haviwezi tena kuvishika nilikuwa namwekea kwenye kopo. Nasema hili ili ieleweke kwamba hatukuwa watu wasiojuana. Alikuwa ametoka mji wa Kiwanja zamani, mtu mwembamba mwenye sauti ndogo, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, na aliniita mama ingawa tulikuwa karibu rika moja.

Gereji yenyewe ilikuwa uwanja wa mawe ya volkano uliozungushiwa mabati. Mwenye uwanja alikuwa mzee aliyekodisha nafasi kwa mafundi sita, kila mmoja na pembe yake. Mzee huyo hakujua kufungua hata nati moja, lakini alijua kulinda jina la uwanja wake. Fundi akiharibu gari ya mteja, aliitengeneza kwa gharama yake, kisha akakusanya vyombo vyake na kuondoka. Hapakuwa na kubembelezana. Nafasi za pale zilingojewa na watu wengi, maana nje ya uwanja kama ule fundi anabaki kando ya barabara, kwenye vumbi na mvua, na wenye magari mazuri hawasimami hapo.

Gari niliachiwa na marehemu mume wangu. Nikiwa bado ndani ya eda, mdogo wake alikuja akaniambia kwa upole kwamba gari inahitaji mwanaume. "Shemeji, hizi barabara za Goma haziko za banamuke," alisema. "Utaivunjavunja, kisha utatuita." Nilipotoka eda, jambo la kwanza nililofanya ni kwenda kujifunza kuendesha. Tangu hapo shemeji alipenda kupanda kando yangu na kunikagua. Kila nilipokaribia kona alishika mkanda kwa mikono miwili na kuvuta pumzi, na nikipita salama alinyamaza kwa huzuni. Nilikuwa nimejiapiza kwamba hatanikuta na kosa hata moja. Nina kiburi, sikatai. Nimekitoa kwa baba yangu, mfanyabiashara wa Maniema aliyeona bora apate hasara kuliko kumwomba mtu msamaha.

Basi ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Nilikuwa natoka kumwona dada yangu aliyekuwa mgonjwa, alasiri, tumbo tupu, na nikakata njia ya nyuma ili niwahi kupika futari. Njia ile hakuna aliyewahi kuisawazisha. Lava ilivyopita ndivyo ilivyoganda, na magari yanapita juu yake hivyohivyo. Pikipiki ikatokea mbele yangu kwa kasi, nikaisogeza gari pembeni, na chini ikapiga: ngo! Niliusikia mlio ule kwenye nyayo kabla haujafika masikioni.

Nilisimama, lakini sikushuka. Kwanza nilitazama kwenye kioo kama kuna mtu ameona. Mwenye pikipiki alishakwenda zake, na waliobaki njiani walikuwa mbuzi wawili. Hapo ndipo niliposhuka na kuinama kidogo, kidogo tu, maana sikutaka kupiga magoti matopeni na buibui langu. Niliona tope. Nikajiambia hakuna neno, nikaenda kupika.

Kesho yake ilikuwa zamu ya kubadilisha oili. Shemeji akaomba nimsogeze mjini, na nilipoingia gereji naye akashuka, akatufuata. Ilikuwa imenyesha usiku kucha. Shimo la kukagulia magari lilikuwa limekaliwa na lori lililofunguliwa injini, na halikuwa na dalili ya kuondoka. Fundi akazunguka na chaki yake, mimi ubavuni mwake, shemeji nyuma yetu mikono mgongoni, akiyahesabu maduara kwa macho. Alipomaliza kuzunguka, fundi akaniambia:

"Mama, leo shimo iko na kamyo, sitaona muzuri. Chini kuko kitu? Haukugonga jiwe hizi siku?"

Shemeji akageuza kichwa. Nilimwona kwa pembe ya jicho, na niliona kwamba anatabasamu kabla hata sijajibu.

"Hapana," nikasema. "Chini hakuna kitu."

"Sawa, mama. Kama umesema."

Akainua gari kwa jeki, akatandika gunia, akalala chini ya gari, akapangusa tope mahali penye bolti ya oili, akamwaga oili chafu na kutia mpya. Leo nafikiri lile jiwe lilikuwa limeacha ufa, ukazibwa na tope lile lile, naye alipolipangusa ili afanye kazi yake vizuri, ndipo ulipoanza kuvuja. Lakini hayo ni mawazo ya baadaye. Siku ile nilimshukuru, nikamlipa, nikaenda shuleni.

Siku ya tatu taa nyekundu ya oili iliwaka nikiwa njiani. Naijua taa ile. Fundi huyohuyo alikuwa amenifundisha kwamba ikiwaka unasimama hapohapo, hata kama uko katikati ya soko. Lakini kengele ya shule ilikuwa inakaribia, na mimi ndiye ninayewafungia geti walimu wanaochelewa, kwa hiyo nikaendelea. Nilipofika, injini ilikuwa inagonga kama mtu anayepiga sufuria, na mstari mweusi wa oili ulikuwa umenifuata toka barabarani mpaka mlangoni pa ofisi yangu. Fundi akaja kwa pikipiki. Aliingia chini ya gari, akakaa huko muda mrefu, akatoka akijifuta mikono.

"Mama, karteri imepasuka." Hilo ndilo bakuli la chuma linaloshika oili chini ya injini. "Hii ni jiwe."

"Jiwe gani? Gari imetoka kwako juzi."

Nilisema kwa ile sauti ninayotumia kwa wazazi wanaokuja kulalamika. Yeye akaendelea kwa sauti yake ndogo:

"Mi nilifungua bolti tu, mama. Sikugusa karteri."

Shemeji alikuwa amefika. Nilimpigia simu mwenyewe, kwa sababu sikujua nimpigie nani mwingine. Yeye ndiye aliyelileta neno la jeki. Kuna mafundi, alisema, wanaoinua gari kwa kusimamisha jeki chini ya karteri, na karteri inapasuka, kila mtu anajua. Hakuwa anadanganya; mambo hayo hutokea. Nikalidaka neno lile kwa mikono miwili. "Umeweka jeki mahali pabaya," nikamwambia fundi, na mimi hata sikujua jeki huwekwa wapi. Sauti ya injini nayo nikambebesha yeye. Habari ya taa nyekundu sikuitaja.

Akaniomba tusogee kando, penye bomba la maji.

"Mama, tuongee sisi wawili tu. Karteri nitakutafutia ya bei muzuri. Kazi yote nitafanya bure, na hii motere inayogonga nitaangalia. Lakini usiseme ni mimi. Muzee akisikia ni mimi, nafasi yangu imeisha. Niko na batoto, mama."

Hapo mlango ulikuwa wazi. Tulikuwa wawili, hakuna aliyetusikia, na angeficha siri yangu mpaka kaburini, nina hakika. Ningesema: nisamehe, niligonga, ila huyu shemeji yangu asijue. Maneno machache tu. Lakini nilipogeuka nikamwona shemeji amesimama kando ya ule mstari wa oili, anaukanyaga kwa ncha ya kiatu, anatungoja.

"Twende kwa mzee," nikasema.

Tulikaa uwanjani, juu ya viti vilivyong'olewa kwenye magari mabovu. Mimi nilipewa kizuri, cha mbele, chenye kitambaa. Mafundi wote waliacha kazi zao wakaja kusimama nyuma yetu. Shemeji akaongea sana, akaonyesha kwa mikono jinsi jeki inavyopasua karteri. Fundi akaongea kidogo: alikagua, aliuliza, alijibiwa, jeki aliisimamisha mahali pake. Mmoja wa wenzake, aliyekuwa rafiki yake, akasema basi mama aape.

Mzee akakataa. "Hatutamuapisha. Mama iko na funga. Mutu mwenye kufunga atasema uongo juu ya karteri?"

Watu wakaitikia kwamba ni kweli. Wale walikuwa Wakristo karibu wote, na waliiheshimu funga yangu kuliko nilivyoiheshimu mimi saa ile. Kitambaa changu cha kichwa, shule yangu, midomo yangu mikavu, vyote vilihesabiwa upande wangu, nami nikaviacha vihesabiwe.

Fundi akanigeukia. Hakumtazama shemeji wala mzee.

"Mama, mi narudia kuuliza, mara moja tu. Siku ile, chini kulikuwa kitu?"

Nilimtazama kifuani, kwenye vifungo vya ovaroli yake. Kimoja hakikuwepo.

"Hakukuwa na kitu," nikasema.

"Basi haikukuwa na duara," akawaambia wenzake. "Ni yangu."

Sikuelewa mara moja kwamba nimeshinda. Nilitegemea abishe. Nilikuwa nimeyapanga maneno makali tangu njiani, na sasa yakabaki mdomoni bila kazi. Yule rafiki yake alimshika mkono akimwambia asikubali, yeye akautoa taratibu. Nilishangaa, na nilikasirika kidogo pia, lazima niseme ukweli. Nilitaka anigombeze ili nipate sababu ya kumchukia.

Jioni ile shemeji alikuja kufuturu kwangu. Akanisifu mbele ya watoto wangu, kwamba mama yenu anajua kujitetea, na kwamba gari iko kwenye mikono mizuri. Kwa muda wote tangu mume wangu afe nilikuwa nangojea maneno hayo. Nilitia tende mdomoni nikashindwa kuimeza. Nilikuwa nimekaa na njaa tangu alfajiri, na funga yenyewe nilikuwa nimeitupa mchana, mbele ya watu, kwa sentensi moja. Nikajisingizia kikohozi, nikaenda kuitema ile tende jikoni.

Fundi alinirudishia gari baada ya wiki mbili. Alinunua karteri, akaifungua injini yote na kuipanga upya, na sijui alikopa kwa nani. Aliileta mwenyewe shuleni, imeoshwa, ikanguruma vizuri kuliko ilivyokuwa zamani. Nilimtuma mlinzi apokee funguo. Niliwaambia wote kwamba niko kwenye mkutano, na nilikuwa peke yangu ofisini, nimesimama nyuma ya pazia.

Baada ya Idi nikasikia amekwisha kutolewa uwanjani. Sikuuliza zaidi. Nilianza kuzunguka njia ndefu ili nisipite mbele ya gereji ile, mpaka siku moja, nikienda Katindo kwa shughuli za shule, nikamkuta kando ya barabara. Vyombo vyake vilikuwa ndani ya beseni la plastiki. Alikuwa amelala kwenye maji chini ya teksi iliyochakaa, miguu yake nje, na pikipiki zinapita karibu na viatu vyake. Nilivijua viatu vile. Nikakanyaga mafuta, nikapita.

Nilipita hivyo mara nyingi. Mara nyingine alikuwa amesimama, akaiona gari, akainua mkono kunisalimia. Nami nikainua wangu. Naona haya zaidi kwa ule mkono nilioinua kuliko hata kwa uongo wenyewe, maana uongo niliusema nikiwa nimebanwa, na mkono niliuinua bila kubanwa na mtu.

Kilichonitoa huko hakikuwa dua wala ndoto. Alikuwa shemeji. Aliazima gari kwangu aende harusini Kiwanja, akarudi kesho yake na bampa ya mbele inaning'inia. Aliingia sebuleni, akakaa, akaomba chai, akasema huku anacheka: "Shemeji, nimegonga jiwe. Hii barabara! Jiwe kubwa, hata sikuiona." Kisha akaendelea kusimulia pilau ya harusi.

Nilisimama na birika mkononi. Alikuwa amelisema kirahisi hivyo, kabla chai haijamiminwa, na dari haikumwangukia. Nilitaka kumtupia birika. Halafu hasira yote ikanigeukia mwenyewe. Nilijua nilichokilinda ni nini, na nilijua nimekilinda kwa kumgharimu mtu mwingine nafasi yake. Nikamwambia palepale: "Na mimi niligonga. Ile karteri ilikuwa mimi." Akaniangalia, akaanza kucheka, kisha akaona uso wangu akaacha.

Asubuhi nikaenda uwanjani. Mzee alikuwa kwenye kiti chake karibu na geti, mafundi wanafungua makufuli ya masanduku yao. Nikawaambia wote, kwa sauti, kama ninavyoongea na wanafunzi mstarini, nikiogopa kwamba nikisema polepole nitakatiza. Niligonga jiwe. Nilijua. Aliniuliza mara mbili, na mara mbili nilimdanganya.

Walicheka. Mmoja akasema mama direktrisi alikuwa anachonga barabara. Mwingine akasema Goma hii nani hajagonga, hata yeye wiki iliyopita. Kicheko kile nilichokiogopa hata nikamharibia mtu maisha hakikuchukua muda wa kufunga vifungo vya shati. Kisha yule rafiki yake fundi, ambaye hakucheka, akageuka akaanza kazi yake.

Nilimwomba mzee amrudishe. Mzee akaelekeza kidole kwenye ile pembe. Mtu nisiyemjua alikuwa anachomelea bomba la moshi pale, cheche zinaruka.

"Huyu naye iko na bibi na batoto," mzee akasema. "Nimutoe juu ya kosa gani?" Baadaye kidogo akaongeza, bila kunitazama: "Mama, hii neno ulikuwa nayo siku ile. Sisi tulikuuliza muzuri."

Nikaendesha mpaka Katindo. Fundi alikuwa anakula mkate kando ya beseni lake. Aliponiona nasimama, akaufunga kwenye karatasi, akainuka, akaifuta mikono kwanza ndipo akanipa kifundo cha mkono nisalimie, asinichafue. Nikamweleza yote, kwamba niligonga, kwamba nimetoka kwa mzee, kwamba nimewaambia watu wote.

"Najua ilikuwa jiwe, mama," akasema. "Nilipoitoa ile karteri niliona mahali jiwe iliingilia."

"Sasa mbona hukuipeleka kwa mzee? Ungewaonyesha."

"Ulikuwa umeshajibu."

Nilikuwa nimebeba bahasha yenye gharama zote alizotumia, kadiri nilivyoweza kuzikadiria. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka mfukoni bila kuifungua, akanishukuru. Nilimwomba msamaha, akasema amesamehe, na niliamini. Nikapata nguvu kidogo. Nikamwonyesha bampa, nikasema basi anianzie na hiyo, na kuanzia leo gari hii haitashikwa na mtu mwingine, na walimu wangu wenye pikipiki nitawaleta wote kwake.

Alitazama bampa, hakuisogelea.

"Pikipiki za balimu zije tu. Lakini gari ya mama, hapana. Sitaipokea."

"Umesema umenisamehe."

"Nimekusamehe, mama. Lakini mi napokea gari na neno ya mwenye gari. Sina kitu ingine. Ya mama nitaipokea namna gani?"

Akanielekeza kwa mwenzake aliyekuwa ng'ambo ya barabara, akaniambia ni mtu muzuri, hana bei kubwa. Akaniaga, akaniulizia watoto wangu, akarudi kulala chini ya gari ya mtu mwingine.